Mteja wa Kila Siku Ndiye Mlinzi wa Mgeni

Tangu tarehe 25 Aprili 2024, mtu anayekwenda Venezia kutembea mchana na kuondoka jioni hutozwa kiingilio katika siku ambazo mji hufurika watu. Mwaka wa kwanza ada ilikuwa euro 5. Mwaka 2025 siku za kutoza ziliongezwa hadi 54, na aliyechelewa kujiandikisha alilipa euro 10. Mkazi halipi, na anayelala mjini halipi kwa kuwa hutozwa kodi ya wageni kule anakolala. Ni nadra mji mzima kuwekewa tiketi kama jumba la makumbusho, ndiyo maana habari hiyo haikuishia Italia.

Hapa kwetu Malindi, pwani ya Kenya, habari hiyo imezungumzwa mno. Mji wetu umeishi na Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni. Hoteli, majumba ya kupanga, mikahawa ya pasta na aiskrimu, hata salamu za watoto ufukweni, vyote vina alama yao. Basi vijana wanaotembeza wageni wamenijia na maswali mawili. Mmoja aliniuliza kama nasi tuanze kutoza kiingilio. Mwingine, aliyepata mwaliko wa kwenda Italia, alitaka kujua akifika ale wapi na atazame nini. Kila nikiyafikiria maswali hayo naona yana jibu moja, na jibu hilo nililipata katika miji ya Italia mwaka 2019, wakati wa vuli, nilipozunguka kutoka Roma hadi Palermo.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alipika katika nyumba za Waitaliano karibu maisha yake yote ya kazi. Pasta aliijua kwa jino: aliitoa majini ikiwa bado na kiini kigumu, akaimalizia ndani ya mchuzi, akihifadhi kikombe cha maji yake ya kuchemshia ili kuufanya mchuzi ushike. Kiitaliano nilikiokota jikoni kwake na ufukweni, kama watoto wengi wa Malindi. Mmoja wa waajiri wake, bibi mwalimu mstaafu wa Roma, ndiye aliyenialika. Viza ilitaka barua yake, taarifa za benki, tiketi ya kurudi na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Yeye alikuwa akija kwetu na kugongewa viza uwanja wa ndege. Makaratasi hayo yalinionyesha mapema kwamba wageni hawalingani, na kwamba wengi wa watu wa kwetu wataiona Italia mara moja tu maishani. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuiona vizuri.

Alinipokea kituo cha treni cha Termini. Uwanja ulio mbele ya kituo unaitwa Piazza dei Cinquecento, na hao “mia tano” ni askari wa Kiitaliano waliouawa Dogali, Eritrea, mwaka 1887. Siku chache baadaye tulipita Porta Capena, mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, jengo ambalo utawala wa Mussolini ulilikusudia kuwa wizara ya makoloni yake ya Afrika. Hapo ndipo ulipokuwa umesimamishwa mnara wa mawe wa Aksum, uliotwaliwa Ethiopia mwaka 1937 na kurudishwa mwaka 2005. Yote hayo niliyasikia kutoka kwa bibi huyo tukitembea polepole, begi lake la sokoni mkononi. Makundi yaliyofuata bendera ndogo za waongozaji yalikuwa yakikimbilia Colosseo. Aliyenipa Roma inayonihusu mimi, mtu wa Afrika Mashariki, ni mkazi mwenye muda na kumbukumbu.

Asubuhi alinipeleka kwenye baa ya mtaani kwake. Huko kahawa hunywewa wima, kwenye kaunta. Mara nyingi unalipa kwanza kwa keshia, unachukua risiti, unaiweka kaunta, na mwenye mashine anakutengenezea. Bei ya kaunta na bei ya mezani hutofautiana, na zote hubandikwa mahali pa kuonekana. Kikombe kilikuwa kama euro moja. Waliosimama karibu nami walikuwa fundi wa umeme mwenye vumbi la chokaa mabegani, mtawa, na askari wa trafiki. Hakuna aliyeagiza, kwani mwenye mashine alikwisha kujua. Nilitozwa bei ileile waliyotozwa, nikapewa bilauri ileile ya maji, na nikasalimiwa nilipotoka.

Jioni moja tulikaa kwenye mgahawa ulioutazama uwanja maarufu, mahali ambapo meza zote zilikuwa za wapita njia. Meza ya pili walikaa wazee wawili, mume na mke, kutoka bara jingine. Waliagiza samaki mzima wa kuokwa, bei ikionekana ndogo kuliko ya tambi. Bili ilipokuja, bibi aliweka miwani, akasoma, akamkabidhi mumewe bila kusema neno. Niliombwa niwasaidie kuelewa. Kwenye orodha ya vyakula, pembeni ya bei, yalikuwepo maneno madogo “all'etto”, yaani kila gramu 100, na samaki wao alikuwa amezidi kilo. Juu yake kulikuwa na malipo ya mkate kwa kila kichwa. Bei ya samaki iliruhusiwa na iliandikwa. Ila hakuna mhudumu aliyewatajia uzito kabla ya samaki kuingia motoni.

Kwa nini baa ya mtaani inaeleza bei yake na mgahawa wa uwanjani unaificha? Watu wa baa si watakatifu kuliko wa uwanjani. Tofauti ni kwamba fundi wa umeme atarudi kesho. Akipunjwa leo, mtaa mzima utajua kabla ya saa sita, na mwenye baa atafunga. Wale wazee wawili hawakuwa na kesho katika mgahawa ule, na mwenye mgahawa alilijua hilo. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mgeni hana nguvu yake mwenyewe sokoni. Hulindwa na mteja wa kila siku aliyesimama karibu naye, hata kama wawili hao hawajuani.

Jambo lilelile linahusu dini. Mimi Mwislamu, na jiko la Roma limejaa nguruwe: carbonara, amatriciana na gricia zote hukaangiwa guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Kati ya pasta nne zinazoutambulisha mji, inayobaki ni cacio e pepe, ya jibini la kondoo na pilipili manga. Nilikula pia mtaa wa Wayahudi, ambako Papa Paulo wa Nne aliwafungia ndani ya ukuta mwaka 1555, na vizuizi vya kisheria havikuondoka kabisa hadi 1870. Huko hupikwa artichoki nzima, tumba la mmea wa jamii ya mbigili. Hupunguzwa kwa kisu, hukaangwa mara mbili, kwanza kwa mafuta ya moto wa wastani hadi moyo ulainike, kisha kwa mafuta makali hadi majani yafunguke na kuwa makavu kama karatasi. Nilianza kula majani ya nje, yakivunjika, nikafika kitovu ambacho ni laini kama viazi vikuu.

Nje ya milango ya mtaa huo kuna vibao vidogo vya shaba vilivyopachikwa kati ya mawe ya njia, vyenye majina ya waliochukuliwa na Wanazi tarehe 16 Oktoba 1943. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa siku hiyo, na waliorudi walikuwa wachache mno. Chakula kile kimedumu kwa sababu wapo waliobaki wakaendelea kukila nyumbani. Nilimuuliza mhudumu kama katika mafuta mna chochote cha nguruwe, naye akajibu kwa uhakika, kwani katika meza ile swali langu lilikuwa pia la kila mteja mwingine. Mahali ambapo watu wenye miiko wanaishi, miiko yako inaeleweka.

Firenze sikukaa sana. Nilipanda ngazi 463 za kuba la kanisa kuu, lile alilolijenga Brunelleschi kati ya 1420 na 1436 bila kulishikilia kwa kiunzi cha mbao kutoka chini, na njiani unapita katikati ya maganda yake mawili ya matofali, bega likigusa ukuta. Katika Palazzo Vecchio nilionyeshwa mchoro wa Vasari wenye twiga aliyepelekwa kwa Lorenzo de' Medici mwaka 1487, zawadi ya Sultani Qaitbay wa Misri. Nilisimama hapo kwa fahari, maana Malindi nayo katika karne hiyohiyo ilimpeleka twiga kwa mfalme wa China. Wanyama wetu walikuwa mabalozi kabla ya watu wetu kuwa na pasipoti.

Kuhusu chakula, Firenze ilinipa funzo kwa mkate wake. Mkate wa huko hautiwi chumvi. Mgeni akiuonja peke yake huuona wa mgonjwa. Lakini ukiuona ndani ya ribollita, uji mzito wa maharagwe na cavolo nero, jani la ukoo mmoja na sukuma wiki, unaelewa kwamba kazi yake ni kubeba ladha ya vitu vingine. Katika soko la Sant'Ambrogio asubuhi nilikuta wanawake wa makamo wakipinda jani la cavolo kuona kama linavunjika, na muuzaji akiwangoja. Upande mwingine wa mji, karibu na makumbusho ya Uffizi, mtaa mmoja mwembamba wenye maduka ya mikate iliyojazwa ulikuwa umezibwa na foleni kiasi kwamba manispaa, Septemba 2018, ilikataza watu kula wakiwa wamekaa au kusimama kwenye kingo za njia saa za chakula. Mkate wa foleni ile ulikuwa na chumvi ya kutosha ndani yake, maana ulijazwa vitu vikali vya kumridhisha anayekula mara moja. Mkate wa Sant'Ambrogio ulibaki kama ulivyo kwa sababu walaji wake wanaijua kazi yake. Mji unapopoteza walaji hao, ladha husogea taratibu kuelekea kwa asiyeijua.

Kisha nikaingia Venezia, na huko ndiko niliposhinda na kulala nikifikiria.

Uzuri wake haupungui kwa kusifiwa mara nyingi. Hakuna gari, hivyo unasikia hatua za watu, kengele, na maji yakipiga ngazi za mawe. Juu ya lango la kanisa la San Marco wamesimama farasi wanne wa shaba, nakala za wale walioporwa Konstantinopoli mwaka 1204 na ambao sasa wamehifadhiwa ndani. Nilikaa asubuhi nzima ukingoni mwa mfereji mpana wa Giudecca. Ikaja meli ya watalii. Ilikuwa ndefu kuliko mtaa na juu kuliko minara ya makanisa mengi, ikipita polepole huku abiria wakipunga mikono kutoka ghorofa za juu kwa watu waliokuwa wakianika nguo. Kivuli chake kilifunika madirisha. Meli kubwa za aina hiyo zimekatazwa kupita hapo tangu Agosti 2021, na nilifurahi niliposikia habari hizo. Waliopigania katazo hilo kwa miaka mingi walikuwa wakazi, baadhi yao wakiwa juu ya mashua ndogo.

Karibu na daraja la Rialto lipo duka la dawa lenye kibao cha namba dirishani. Kibao hicho huonyesha idadi ya watu wanaoishi mji wa kale. Mwaka 1951 walikuwa kama 175,000. Siku niliyosimama mbele yake walikuwa wamebaki elfu hamsini na ushei. Baadaye wakashuka chini ya 50,000. Sababu zinajulikana: nyumba inayopangishwa kwa wageni usiku kwa usiku humlipa mwenye nyumba zaidi ya inayopangishwa kwa mwalimu mwaka mzima. Mwalimu akiondoka na watoto wake, shule hupungukiwa wanafunzi, duka la mboga hugeuka duka la barakoa na sumaku za kubandika kwenye friji, na mzee aliyebaki hutembea mbali zaidi kutafuta kitunguu.

Soko la samaki la Rialto bado linafanya kazi, chini ya matao, asubuhi na mapema. Mji ule una kibao cha kale cha marumaru kilichochongwa urefu wa chini wa kila aina ya samaki anayeruhusiwa kuuzwa. Nilikitazama kwa muda mrefu. Sisi watu wa bahari tunalipigia kelele jambo la nyavu ndogo kila mwaka, na wao waliliandika juu ya jiwe ili mnunuzi yeyote aweze kulinganisha kwa mkono wake. Muuzaji mmoja wa makamo alinieleza kwamba meza zimepungua sana. Nikamuuliza wanunuzi wamekwenda wapi, akanionyesha kundi lililokuwa likipiga picha pweza wake, akasema, “Hawa hawana jiko.” Wanalala vyumba vya hoteli, kwa hiyo hawanunui samaki mbichi. Wasiponunua, yeye atafunga. Akifunga, mikahawa italetewa samaki wa barafu kutoka mbali, na walewale waliopiga picha watakula hao jioni, kwa bei ya samaki wa Venezia.

Nilitafuta mahali pa kula kwa kufuata wapakuzi wa mizigo waliokuwa wakisukuma mikokoteni madarajani. Waliingia kijiduka kisicho na orodha ya picha mlangoni, na kwenye kioo zilipangwa sahani ndogondogo. Niliomba sarde in saor. Ni dagaa wakubwa wa kukaangwa, waliolazwa ndani ya vitunguu vilivyopikwa pole hadi kugeuka rangi ya asali, siki, zabibu kavu na kokwa za msonobari, kisha wakaachwa wapumzike mpaka siku ya pili. Niliuliza kwanza kama vitunguu vilitiwa mvinyo. Mwanamke aliyepika alitoka jikoni kunijibu mwenyewe kwamba ni siki tu. Mabaharia walihitaji samaki asiyeoza, na siki ilifanya kazi hiyo. Utamu ulikuja kwanza, uchachu ukafuata, halafu samaki mwenyewe.

Nikiwa pale nilifikiria namna mji ule na mji wangu ilivyowahi kugusana. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Habari zilipofika Venezia kwamba Wareno wamepata njia yao wenyewe ya pilipili manga, wafanyabiashara wa mji walihofu kwamba utajiri wao umekwisha. Baadaye, katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani yetu kwenda bara ilibeba mafurushi ya shanga za kioo zilizotengenezwa Venezia, zilizotungwa kwa nyuzi na wanawake maskini waliokaa vizingitini mwa nyumba zao na sindano ndefu. Wanawake wale hawapo tena vizingitini. Maduka ya shanga ni mengi kuliko zamani, na baadhi ya shanga zake zimetoka nchi za mbali kabisa. Mji unaweza kuendelea kuuza alama zake kwa miaka mingi baada ya mikono iliyozitengeneza kuondoka.

Ndiyo maana kiingilio cha euro 5 au 10 hakinitoshelezi kama jibu. Kinaweza kuhesabu watu na kuingiza fedha za kusafisha mifereji. Hakimrudishi mwalimu nyumbani kwake. Kitakachomrudisha ni nyumba anayoweza kuilipia.

Napoli iliniinua moyo. Mtaa uitwao Spaccanapoli unafuata njia ya mji wa Wagiriki hadi leo, na nguo zinaanikwa juu ya vichwa vya wapita njia. Sanaa ya mpishi wa pizza wa Napoli iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2017. Nilimtazama mmoja kazini. Donge la unga alilibonyeza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, akiacha ukingo bila kuugusa ili hewa ibaki humo. Akatandaza nyanya kwa mgongo wa kijiko kwa duara moja, akatia vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, akaiingiza katika tanuri la kuni lenye joto la zaidi ya digrii 430. Haikukaa humo hata dakika mbili. Hiyo ni marinara, haina jibini wala nyama, na ilikuwa miongoni mwa vyakula vya bei nafuu zaidi nilivyokula Italia nzima.

Ilikuwa nafuu kwa sababu wanafunzi na vibarua walikuwa kwenye foleni moja nami. Hapo nikasikia nyuma yangu, “Shikamoo.” Aliyeniamkia alikuwa msichana wa Kiitaliano, mwanafunzi wa chuo kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Alinisikia nikizungumza na nyumbani kwa simu. Tulikula pizza zetu zikiwa zimekunjwa mara nne mkononi, tukizungumza Kiswahili katikati ya mji wa kale wa Napoli, naye akaniambia kwamba wenzake wengi hukosa vyumba karibu na chuo kwa kuwa vimegeuzwa vya wageni wa usiku mmoja. Hata mahali palipochangamka namna ile, maradhi ya Venezia yalikuwa yamekwisha kubisha hodi.

Katika baa ya jirani nilionyeshwa desturi ya caffè sospeso: mteja hulipia vikombe viwili, akanywa kimoja, cha pili kikawekwa kwa ajili ya asiye na kitu atakayeingia baadaye. Desturi hii hutegemea mwenye baa anayewajua watu wake, wa kulipa na wa kuhitaji. Haiwezi kudumu kwenye uwanja wa wapita njia.

Siku iliyofuata nilikwenda Pompei, mji uliofunikwa na majivu ya Vesuvio mwaka 79. Kando ya njia zake kuna kaunta za mawe zenye mitungi iliyozamishwa ndani, mahali pa kuuzia chakula cha moto. Zimetawanyika mji mzima, maana wengi wa wakazi hawakuwa na jiko la maana nyumbani. Katika jumba la makumbusho la Napoli niliona mkate wa siku ile, mweusi kama mkaa, wa duara, umegawanywa kwa mistari vipande vinane. Tangu Novemba 2024 Pompei huruhusu wageni wasiozidi 20,000 kwa siku, na ni sawa, kwa sababu Pompei ni mji wa wafu na mgeni ndiye mtu pekee aliyebaki humo. Kipimo cha tiketi kinaifaa. Napoli iliyo hai inahitaji vipimo vingine.

Palermo ndiyo iliyokamilisha somo langu. Mji huo ulikuwa mikononi mwa Waislamu tangu mwaka 831 hadi Wanormani walipouteka mwaka 1072. Kwenye ukumbi wa kuingilia kanisa kuu, nguzo ya upande wa kushoto ina maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Nilisogea nikayasoma: ni aya ya Kurani, kutoka sura Al-A'raf. Waumini wa Kikristo wamepita kando yake kwa karne nyingi na hawakuifuta. Katika jumba la Roger wa Pili, mfalme wa Sisilia aliyekaa mji huo, mwanajiografia al-Idrisi alimaliza mwaka 1154 kitabu chake kikubwa cha ulimwengu, na ndani yake aliiandika Malindi. Mtu aliyekaa Palermo alijua habari za mji wangu karibu miaka 350 kabla ya Mreno yeyote kuuona.

Soko la Ballarò liko mwendo mfupi kutoka hapo. Wauzaji huita bidhaa zao kwa sauti ya kuimba, na pembeni hukaangwa panelle, vipande vyembamba vya uji wa unga wa dengu uliogandishwa, kisha kubandikwa ndani ya mkate na kukamuliwa limau. Nilivila vikiwa vya moto kwenye karatasi inayonyonya mafuta. Aliyeniuzia alizaliwa Palermo. Jirani yake aliyeuza bamia na pilipili mbichi alitoka Bangladesh, na wa tatu, mwenye mihogo na samaki wa kukausha, alitoka Afrika Magharibi. Wote watatu walibadilishana chenji, wakachungiana meza mmoja alipokwenda kuswali. Hapo niliona kosa la wale wanaosema kwamba kuulinda mji wa kale ni kuwazuia wageni kuhamia. Mtu aliyekodi chumba juu ya soko, anayempeleka mtoto shule ya mtaa na kununua limau kwa jirani, ni mwenyeji tayari, hata kama lafudhi yake ni ya jana. Palermo inamheshimu kama mmoja wa watakatifu walinzi wake San Benedetto, mtoto wa watumwa Waafrika aliyefariki huko mwaka 1589. Mji ule umewahi kuwapokea watu namna hii na ukawa mkubwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo kijana anayesafiri namjibu hivi. Ukifika, uliza fundi hula wapi, kisha nenda saa anazokula yeye. Kahawa kunywa kaunta. Bei ya samaki iulizie uzito kabla hajaingia motoni. Ingia sokoni asubuhi kabla ya kuingia makumbusho. Taja miiko yako bila haya, mahali ambapo mpishi anaweza kutoka jikoni kukujibu. Na ukipata mkazi mwenye muda wa kutembea nawe, mfuate huyo kwanza, kwa maana mawe yatakusubiri.

Na kijana anayeuliza kuhusu kiingilio namwambia tuanze kwingine. Tuhesabu kwanza ni nyumba ngapi za mji wetu wa kale, kuanzia Msikiti wa Juma na kuendelea, bado zina familia ndani yake. Tuilinde nafasi ya mvuvi kuuza samaki wake mahali ambapo mama wa nyumbani anaweza kufika kwa miguu. Tuhakikishe anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri hafukuzwi ili pajengwe mgahawa wa pili wa kuuza pasta kwa watu walioiacha pasta kwao. Manispaa ikitaka kutoza wageni, itoze, na fedha hizo ziende kwenye nyumba, shule na soko la wakazi, kwa hesabu iliyobandikwa ukutani. Mgeni atakayekuja Malindi baada ya miaka ishirini atapata samaki safi, bei ya haki na mtu wa kumweleza njia ikiwa tu mtu wa Malindi atakuwa bado anakula palepale, kila siku, na kulipa bei ileile.